Raskazone wananunua kiwanja, nyumba wanaihesabu kifusi

Ukitaka kujua soko la nyumba za kifahari hapa Tanga limefika wapi, msikilize dalali anapomzungusha mteja Raskazone. Anaanza na ukubwa wa eneo. Kisha hati, imebakiza miaka mingapi. Kisha bahari, iko hatua ngapi kutoka getini. Mteja akiuliza kuhusu nyumba yenyewe, hiyo iliyosimama mbele yao na baraza lake pana na madirisha marefu, anajibiwa: "Hiyo utavunja, bosi."

Jibu hilo limeshazoeleka, na mimi silikubali. Naamini wauzaji wanajipunja na wanunuzi nao wanajipunja, tena kwa sababu ileile: wote wameacha kuihesabu nyumba. Muuzaji anauza kiwanja na matumaini ya bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda. Mnunuzi ananunua kiwanja na picha ya mjengo aliyoiona kwenye simu. Katikati yao kuna nyumba nzima, imara, inayokadiriwa kwa bei ya kifusi.

Kwa wasioijua Tanga, Raskazone ni ile pua ya ardhi inayotokeza baharini ukishaipita Hospitali ya Bombo. Viwanja ni vikubwa, miti ni mikongwe, upepo haukatiki. Ndiyo Masaki yetu, ule mtaa wa kifahari wa Dar es Salaam, ingawa ilikuwa na heshima yake kabla Masaki haijajulikana. Nyumba zake nyingi ni matunda ya mkonge, zao lililoingizwa mwaka 1893 na Richard Hindorf na ambalo mwanzoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa likizalishwa nchini zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Mabwana wa mashamba, mameneja wa makampuni na wakubwa wa serikali ya kikoloni walitaka kuishi wakiitazama bahari.

Yaliyofuata ndiyo yanayotueleza muuzaji wa leo ametokea wapi. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo, na nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikaenda kwa Msajili wa Majumba, ofisi ya serikali ya kuzisimamia, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali nayo ikawauzia watumishi wake nyumba walizokuwa wakizikalia. Kwa hiyo anayeuza leo mara nyingi si aliyejenga. Ni mtoto wa mtumishi aliyenunua, au mjukuu wa mfanyabiashara aliyenusurika mwaka 1971. Na kizazi kilichoiona sheria ile kilibaki na somo moja moyoni: nyumba nzuri inaweza kukuondoka, basi usiitilie fedha nyingi. Nadhani sehemu ya uchakavu tunaoulaumu leo ilianzia kwenye hofu hiyo.

Sasa wazee wanaondoka, na muuzaji amekuwa ukoo. Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote, na halisemwi vya kutosha. Zamani ulikuwa unaongea na mzee mmoja barazani, mnakunywa kahawa, mnaelewana au mnaachana. Leo unaongea na warithi: mmoja yuko Chumbageni, wawili Dar es Salaam, mwingine Muscat, mwingine Toronto, na kila mmoja ana bei yake kichwani. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye mwenye saini, lakini simu ya yule wa Toronto inaweza kuvunja mazungumzo ya miezi. Kama mjane bado yuko hai na nyumba ilikuwa ya ndoa, naye ana haki yake, na hawezi kurukwa. Mnunuzi anayedharau jambo hili ndiye unayemkuta baadaye kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba. Na ukiona ukutani pameandikwa kwa rangi nyekundu NYUMBA HII HAIUZWI, jua kuna ndugu mmoja aliyebanwa hadi akaamua kusema na mji mzima.

Warithi wana kosa lao, na wengi ni watu wangu wa karibu, kwa hiyo nalisema kwa upendo. Wanapanga bei kwa kusikia. Mwaka 2016 Uganda ilipochagua bomba lake la mafuta ghafi lipite Tanzania, kila kiwanja cha pwani kilipandishwa bei usiku mmoja. Bomba lenyewe ni la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, upande wa pili wa ghuba. Bandari nayo ikapanuliwa, kina kikachimbwa, gati zikaimarishwa. Haya ni mambo makubwa na nayafurahia kama mwana Tanga yeyote. Ila kituo cha kuhifadhia mafuta kikishajengwa hakihitaji maelfu ya mameneja wa kununua bangalo. Ujenzi huleta wapangaji, na wapangaji hao huondoka mkataba ukiisha. Familia nyingi zilimkataa mpangaji mzuri zikimsubiri mnunuzi wa ndoto.

Tufanye hesabu, ya mfano tu. Warithi wanataka milioni 900, mnunuzi aliye na fedha mkononi amefika milioni 500. Wanagoma, nyumba inafungwa miaka mitano. Ingepangishwa kwa milioni moja na nusu kwa mwezi ingeingiza milioni 90, na muhimu zaidi ingekuwa na mtu wa kufungua madirisha, kuziba bati linalovuja na kufukuza mchwa. Badala yake masika matano yamepita juu ya paa ambalo halina mwangalizi. Ukoo ukirudi mezani hauna tena nyumba ya kuuza, na dalali sasa anasema kweli: hiyo utavunja.

Kodi nayo haimsukumi mtu kuamua. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye malipo ya umeme ya LUKU, na ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa ghorofa. Maana yake nyumba ya vyumba viwili kule Ngamiani na bangalo la Raskazone lenye uwanja wa kuchezea mpira vilikatwa sawasawa, mradi vyote ni nyumba za chini. Kuhodhi jumba tupu mbele ya bahari hakuna gharama ya kumnyima mtu usingizi.

Mnunuzi je? Wako wa aina kadhaa, lakini anayebadilisha sura ya mtaa ni yule wa Dar es Salaam, Arusha au Moshi anayetaka nyumba ya mapumziko. Anafika Ijumaa, anaondoka Jumapili. Waja leo, waondoka leo, kama tulivyosemwa tangu zamani. Sina ugomvi na fedha yake, Tanga inaihitaji. Ugomvi wangu ni kile anachojenga akishavunja: boksi la ghorofa mbili lenye vioo kuanzia juu hadi chini, paa lililofichwa nyuma ya ukuta, dari la jipsam, viyoyozi kila chumba, na fensi ndefu hata mpita njia asijue kama upande wa pili kuna bahari au kiwanda.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo nyumba ya zamani inapodhulumiwa. Aliyejenga nyumba zile hakuwa na kiyoyozi, hivyo alilazimika kufikiri. Kaskazi inavuma tangu Desemba hadi Machi, kusi inashika zamu katikati ya mwaka, na nyumba ya Raskazone imewekwa ipokee zote mbili. Dari liko juu ili joto lipande lisimguse aliyelala. Madirisha yanatazamana, upepo ukiingia mbele unatokea uani. Baraza limezunguka, kwa hiyo jua la saa tisa haligusi ukuta wa chumba. Paa limetokeza mbele kiasi kwamba mvua ya masika hainyeshei dirisha lililo wazi. Ingia katika nyumba ya namna hiyo mwezi Februari, adhuhuri, umeme umekatika, ukae dakika chache. Halafu ingia kwenye boksi la vioo saa hiyohiyo. Utatoka mbio.

Na chumvi haina huruma. Hewa ya bahari inaingia kwenye zege lililofunikwa kidogo, inakula nondo, nondo inavimba, ukuta unapasuka. Mashine za nje za viyoyozi zinaliwa na kutu, mageti ya chuma yanatoboka, na vioo vinataka kufutwa chumvi kila mara. Mwenye nyumba anayekuja wikiendi mbili kwa mwezi anakutana na matengenezo kila anapofungua geti. Nyumba aliyoivunja ilikuwa imekaa pale miaka sitini au zaidi ikihitaji chokaa, rangi na fundi wa paa. Mnunuzi angeikarabati ile ya zamani, akaongeza bafu za kisasa, jiko, kisima na sola, angebaki na fedha ya kununulia boti. Anayebisha amwite mkadiriaji majenzi akague kabla ya kuita kijiko cha kubomolea.

Kuna habari njema, nisionekane ninalalamika tu. Tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kutangaza na kudai bei kwa fedha za kigeni nchini, na hili limetusaidia. Bei ya nyumba ikitajwa kwa shilingi, mrithi na mnunuzi wanaona kitu kimoja, na ule mchezo wa kupandisha bei kila dola inapopanda unakosa kisingizio. Mwezi Julai mwaka huohuo udalali wa nyumba ukawekwa kwenye orodha ya biashara zisizoruhusiwa kwa wasio raia. Vizuri, ila uraia peke yake haumfundishi dalali kazi. Dalali anayelipwa asilimia ya mauzo na asiyejua kusoma ramani ya nyumba atauza kiwanja siku zote, kwa sababu kiwanja ndicho anachojua kukielezea.

Kwa mnunuzi asiye raia mambo ni mafupi: ardhi ya Tanzania hamilikishwi, isipokuwa kwa njia ya uwekezaji kupitia mamlaka husika. Anayeambiwa "tutaandika jina la rafiki yako" anatafutiwa kesi.

Jambo la ufukwe nalo lisipite. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa bahari zisifanyiwe shughuli za kudumu. Tangazo linaloahidi mjengo "unaogusa maji" linatangaza tatizo. Kuna nyumba za zamani ambazo zilikuwepo kabla ya sheria hiyo, na hapo ndipo mnunuzi anapaswa kuwa makini maradufu: akishaivunja iliyopo, asitegemee kwamba ataruhusiwa kujenga mpya palepale ilipokuwa. Na vijia vya kushukia baharini, walivyotumia wavuvi na watoto wa Tanga miaka yote, si mali ya kuuzwa pamoja na kiwanja. Fensi inapoziba kijia, mtaa mzima umeporwa.

Ninachowaomba wauzaji ni kidogo. Kabla ya kumwita dalali, mwite mthamini aliyesajiliwa, umwambie aandike thamani ya ardhi na thamani ya jengo kila moja peke yake. Warithi wakiiona namba ya jengo kwenye karatasi wataacha kuliita gofu. Hakikisha kodi ya ardhi imelipwa na hati haijakaribia mwisho, maana hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99 na nyingine ni za siku nyingi. Kama nyumba ilinunuliwa kutoka serikalini, soma mkataba wote wa mauzo yale, hasa vifungu vya kuuza tena. Na kama hamjaelewana bei, pangisheni.

Jiji nalo lina kazi yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863 tu, na kwa kipimo hicho karibu kila tunachojivunia katikati ya mji na Raskazone kiko nje, mpaka waziri akitangaze. Boma la zamani la Wajerumani lilikarabatiwa na leo ni makumbusho, kwa hiyo mafundi wa chokaa na mbao tunao na mfano tunao. Vibali vya ujenzi vinatoka Jiji. Inatosha kuweka sharti moja: anayeomba kujenga upya mahali penye nyumba ya zamani alete kwanza ripoti ya mhandisi inayoonyesha kwamba iliyopo haikarabatiki. Ili sharti hilo lifanye kazi lazima iwepo orodha ya nyumba zinazohusika, na hiyo haihitaji bajeti ya wizara. Maofisa wa Mipango Miji wanaweza kuiandika kwa wiki moja, wakitembea kwa miguu kutoka Bombo hadi Raskazone inapoishia.