Jezi ya Herufi Nne

Mimi ni Yanga. Naanza na hilo makusudi, maana asiyelijua atamaliza kisa hiki akisema nilikuwa mjinga tu, kumbe nilikuwa mjinga mwenye sababu zake.

Agosti 2024 niliondoka Mwanza kwenda Columbus, Ohio, kusoma shahada ya pili ya mambo ya udongo. Begini nilikuwa na dagaa waliofungwa mifuko minne, wa ndani ukiuzuia wa nje usijue, na jezi ya Taifa Stars, bluu, niliyoinunua Makoroboi siku mbili kabla ya safari. Kijana wa kuchapa majina alikuwa anatoza kwa herufi. Mimi nilitaka jina la ukoo, ambalo lina herufi tisa. Mama, ambaye ndiye aliyeshika pochi, akamtazama yule kijana, akanitazama mimi, akasema, "Mwandike Musa." Basi zikabandikwa herufi nne za njano, kubwa kama za bango la mgombea.

Columbus nilipanga nyumba na kijana mmoja wa Toledo, mji wa kaskazini kabisa ya Ohio, pale inapopakana na Michigan. Hilo la Toledo si dogo. Mwaka 1835 Ohio na Michigan nusura zipigane kugombea eneo hilo, wanamgambo wakatoka na bunduki pande zote mbili, mwishowe Ohio ikaondoka nalo. Rumeti, yaani huyo mwenzangu wa nyumba, alinisimulia haya jikoni, siku ya pili tu ya kufahamiana, kwa uchungu kana kwamba babu yake bado hajarudi kutoka mpakani.

Yeye alikuwa na timu mbili, zote za chuo: ya futiboli ya Kimarekani na ya kikapu. Akaniambia ukisoma Ohio State hushabikii, unazaliwa upya. Nikamwambia mimi nimeshazaliwa, Jangwani. Hakuelewa, ila alinipa mkono.

Kikapu hakikunisumbua. Ukumbi una paa, kuna joto, na mpira ukiingia unaona umeingia. Futiboli ndiyo ilinitesa. Mpira una umbo la embe dodo, wanaushika kwa mikono muda wote halafu wanauita mpira wa miguu. Timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Wanagongana sekunde tano, wanasimama, wanakutana kujadili kama kikao cha harusi, wanagongana tena. Nilikuja kuupenda pale nilipoacha kuutazama mpira nikaanza kuwatazama watu. Uwanja wao ni wa mwaka 1922, umejengwa kwa umbo la kiatu cha farasi, na unabeba zaidi ya watu laki moja. Mkapa inabeba elfu sitini, na siku ya Simba na Yanga tunaona dunia nzima imo mle. Kabla ya mechi bendi ya chuo inatembea mpaka miili ya wapiga tarumbeta inaandika neno "Ohio" kwa mwandiko wa kuunganisha, kisha mmoja mwenye tarumbeta lile kubwa la kuvaa anatoka peke yake kwa maringo kwenda kuwa nukta ya herufi i. Nimewaona wazee wakifuta machozi kwa ajili ya nukta.

Tatizo langu lilikuwa rangi. Ohio State ni nyekundu na kijivu. Nyekundu yenyewe ndiyo ile ile ya Msimbazi. Picha ya kwanza niliyotuma kwenye kundi la ukoo nikiwa na sweta la chuo ilipokelewa kwa kimya cha dakika kumi, kisha mjomba wangu, katibu wa tawi la Yanga mtaani kwetu, akaandika: "Poleni wanafamilia. Mazishi ni lini?"

Nikatafuta njia ya katikati. Nyekundu nitaivaa, nipo ugenini, lakini haitanigusa mwili. Kila siku ya mechi nikawa natanguliza jezi ya Taifa Stars, ndipo juu yake lije sweta jekundu. Moyo bluu, ganda jekundu. Na Novemba 19, Stars walipoifunga Guinea 1-0 kwa bao la Simon Msuva tukafuzu AFCON, jezi ile nikaanza kuivaa hata kwenda maabara. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ilikuwa bado haijafika wiki ya Michigan, yaani wiki ya mechi na chuo cha Michigan, mahasimu wetu.

Wiki hiyo ilipofika, niliamka nikakuta vibao vya chuoni vimewekwa alama za X nyekundu. Sasa kwetu X nyekundu ina maana moja tu: barabara inapita hapa, hamisha vitu. Nilisimama mbele ya jengo moja nikilionea huruma, zuri namna ile na bado linabomolewa. Rumeti akanieleza kwamba X zile ni utepe tu, nazo haziko juu ya majengo bali juu ya herufi M. Wiki ya Michigan herufi M haipo. Haiandikwi, na wenye imani kali hawaitamki. Michigan wenyewe wanavaa bluu na njano, na walikuwa wameifunga Ohio State miaka mitatu mfululizo, kwa hiyo watu walikuwa hawatanii hata kidogo.

"Kwa hiyo mimi naitwa nani?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Usa."

"Natoka wapi?"

"Wanza."

Tukacheka sana. Bluu, njano, M. Ningekuwa na akili ya kuunganisha hayo matatu na kile nilichokuwa nimekivaa ndani, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia.

Jumamosi, Novemba 30, baridi ilikuwa chini ya sifuri na mechi ilianza saa sita mchana. Rumeti alinikataza kuvaa koti, eti linaficha rangi. Nikavaa fulana ya joto, jezi, sweta, na roho ngumu. Upande wa wanafunzi hakuna anayekaa. Mabenchi ni ya kusimama juu yake. Mbele yetu kulikuwa na vijana watano vifua wazi, wamejipaka rangi nyekundu, ngozi zao zimefanya vipele kama kuku aliyenyonyolewa. Michigan walikuja wakiwa timu ya kawaida tu msimu huo, Ohio State wakiwa wa pili nchini. Kila mtu alisema leo ni kuwachinja.

Hawakuchinjika. Karibu na mapumziko tulikuwa nyuma 10-3, nami nikaenda kununua chokoleti ya moto, vikombe viwili, changu na cha rumeti. Nilirudi nikipita kati ya magoti ya watu kama mtu aliyebeba mayai. Nimefika tu mahali pangu, Jeremiah Smith, mchezaji wetu, akadaka mpira ndani ya eneo la kufungia. Watu laki moja wakaruka. Aliyekuwa nyuma yangu aliruka akanishukia mgongoni. Kikombe kimoja kikanimwagikia kifuani. Cha pili kikapaa. Sikuona kilipotua, nikashukuru Mungu kwamba angalau kimempata mtu mwingine.

Ubao ukasomeka 10-10. Tukakumbatiana. Upepo ukavuma, na kwa kuwa masikio yalikuwa hayana hisia tena, nikainua kofia ya sweta nikajifunika kichwa.

Ndipo nilipojua kikombe cha pili kilitua wapi.

Chokoleti ilipita utosini, ikagawanyika puani, ikashuka mashavu yote mawili na kuingia shingoni. Ilikuwa bado ya moto, na nakiri kwamba kwa sekunde mbili nilijisikia vizuri kuliko wakati wowote tangu mwezi wa kumi. Halafu ikaanza kupoa. Sweta lililolowa katika baridi ile ni kama kukumbatiwa na samaki wa barafu. Meno yalianza kugonga. Nikafanya ambalo mtu yeyote angefanya: nikalivua.

Kelele zilizokuwa nyuma yangu zilikatika. Si zote kwa pamoja. Zilikatika safu kwa safu, kama umeme unavyokatika mtaa kwa mtaa. Nikageuka kuuliza kuna nini. Kumbe kwa kugeuka nikawaonyesha mgongo na wale vijana watano wa mbele.

Bluu. Maandishi ya njano. Na herufi ya kwanza, iliyotangulia wenzake kwa fahari, ni M.

"Usa," rumeti alinong'ona, uso umemwiva, "umefanya nini?"

Nikaanza kueleza. Jaribuni siku moja kuwaeleza wanafunzi wa Ohio, kwa meno yanayogongana na chokoleti ikidondoka puani, kwamba hii ni timu ya taifa, tumefuzu juzi, na kwamba chini ya nyekundu nimeivaa kwa sababu nyekundu ni ya Simba. Nilisema hata hilo la Simba. Kijana mmoja akauliza simba yupi.

Aliyeniokoa ni binti wa safu ya nyuma. Alifungua mkoba akatoa utepe mwekundu, bunda zima, inaonekana alikuwa na zamu ya vibao. "Simama wima," akasema, kama fundi anayempima mtu suti. Akaubandika utepe kutoka kona hadi kona, kisha kona nyingine, akausugua kwa kiganja. M ikafa. Zikabaki herufi tatu.

Mmoja wa vifua wazi akainama akasoma taratibu. U. S. A. Akasoma tena. Akainua mikono yote miwili juu.

"Yuu-Es-Ei! Yuu-Es-Ei!"

Safu yetu ikapokea, ya nyuma ikapokea. Mimi, ambaye viza yangu ilikuwa na miezi minne, nilinyanyuliwa juu ya benchi nikageuzwa mgongo ili watu wasome. Mzee mmoja wa safu za pembeni alivua kofia akaiweka kifuani. Kuna aliyeniuliza natoka jimbo gani, nikajibu "Wanza," akaitikia kwa kichwa, akasema ana binamu yake kule.

Ingeishia hapo ningekuwa shujaa. Ila utepe haukai kwenye kitambaa kilicholowa. Robo ya tatu ikapita bila pointi, ya nne ikawa inaelekea kuisha hivyo hivyo, na Michigan wakasogea, wakasogea, mpaka wakasimamisha mpira wa kupiga kwa mguu (ndiyo, kuna nyakati wanaukumbuka mguu) zikiwa zimebaki sekunde chache chini ya dakika moja. Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele. Nikasikia kitu kinanigusa kisigino. Rumeti naye akatazama chini. Utepe ulikuwa umelala juu ya benchi, X kamili, na M imerudi kazini.

Mpira ukapita katikati ya nguzo. 13-10. Mwaka wa nne.

Rumeti hakunitukana. Aliuokota ule utepe, akaukunja vizuri, akautia mfukoni kama mtu anayehifadhi ushahidi. Uwanjani wachezaji wa Michigan walikwenda kuchomeka bendera yao katikati, ugomvi ukazuka, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Sisi tukatoka na umati, tukapotezana getini. Hapo mzee mmoja wa Michigan aliyejifunga blanketi akaniona mgongo, akadhani amempata mwenzake katikati ya maadui. Akanikumbatia, akanifunika upande wa blanketi lake, mkewe akanipa nusu ya mkate wenye nyama. Nilipaswa kukataa, lakini nilikuwa nasikia baridi mpaka kwenye kope. Rumeti alinikuta hivyo: nimefunikwa blanketi la bluu, natafuna, na nasema "Go Blue" kwa adabu kwa sababu mzee ndiye aliyeanza.

Kwa siku nne tuliishi kwa ishara. Siku ya tano aliingia chumbani, akaomba jezi. Kwetu tungesema ameitisha kamati ya ufundi. Aliifunika M kwa utepe mpya, ule mpana wa kijivu wa kufungia mabomba, akaikunja jezi, akaitia kwenye friza kati ya dagaa wangu na barafu. "Mpaka msimu uishe," akasema.

Ningependa kuwaambia nilibishana. Lakini Desemba 21 mchana timu ya kikapu iliipiga Kentucky 85-65 kule New York, na usiku wa siku hiyo hiyo futiboli wakaichapa Tennessee 42-17. Tangu hapo friza ilikuwa haifunguliwi saa za mechi hata mtu awe na njaa gani. Oregon wakafa, Texas wakafa, na Januari 20, kule Atlanta, Ohio State wakaifunga Notre Dame 34-23 wakawa mabingwa wa nchi. Watu walikimbilia barabarani wakishangilia. Sisi tulikimbilia jikoni. Rumeti aliitoa jezi kwa mikono miwili. Ilikuwa imekakamaa kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa, inanuka Ziwa Victoria yote. Kwa heshima kubwa akaubandua ule utepe.

M ikaja nao.

Nilirudi Mwanza likizo mwezi wa sita. Mama alikuwa anaanika nguo zangu uani, akafika kwenye jezi, akasimama. Akaigeuza. Akaigeuza tena, akaisogeza juani.

"Musa."

"Naam mama."

"Nililipia herufi nne."

Nikamweleza yote, tangu nukta ya bendi hadi friza. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa na kibanio mdomoni. Kisha akakitoa.

"Na hiyo digrii," akasema, "nayo umeigandisha?"