Mkopo wa Kikoba, Saa ya Ofa na Mbwa Aitwaye Jack

Mke wangu ni mweka hazina wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Kwa hiyo nilipoamua kwamba MC wa hadhi yangu hawezi kuendelea kuishi kwa kadi za biashara zinazolowa jasho mfukoni, na kwamba nahitaji tovuti yenye jina langu, picha zangu nimeshika maiki na bei zangu za kuendesha sherehe, nilijua mradi utapitia kwake tu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema fedha ya namna hiyo haitoki jikoni kwake. Ataniombea mkopo kwa hisa zake, ila kujieleza nijieleze mwenyewe.

Asiyekijua kikoba cha mtaani kwetu Tabata anaweza kudhani ni akina mama wanaokunywa chai. Wale wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa watu watatu wasiopatana, kwa makusudi kabisa. Fedha zinahesabiwa kwenye beseni mbele ya wote. Ukichelewa, faini. Simu ikilia, faini. Nilivaa suti.

Bajeti yangu ilikuwa ya laki tano, imechapwa, ina na mistari. Jina la tovuti 35,000 kwa mwaka. Hosti 93,000, ambayo ni dola 2.99 kwa mwezi mara kumi na mbili, maana mwaka huo wa 2024 dola ilikuwa inacheza karibu na 2,590. Cheti cha usalama, kinachoficha mawasiliano ya tovuti na mgeni wake, 60,000. Fundi wa kuitengeneza 300,000. Dharura 12,000.

Mwenyekiti akavaa miwani.

"Shemeji, hapa umeandika hosti. Huyo nani?"

"Ni kompyuta ya kampuni, Mama Mwenyekiti. Inawaka usiku na mchana, tovuti inakaa humo. Unapangishiwa sehemu kidogo, kama chumba."

"Kwa hiyo jina unalipia, na pa kuliweka unalipia."

"Ndiyo."

"Na hilo jina si lako?"

"Ni langu kwa mwaka. Usipolipia linarudi sokoni, mwingine analichukua."

Chumba kizima kikaguna. Mama mmoja wa nyuma akasema yeye jina lake alipewa na bibi yake, na mpaka leo halijamwisha.

Aliyenimaliza ni binti wa katibu, yuko chuo anasoma mambo ya kompyuta, alikuja kumfuata mama yake tu. Akanyoosha mkono akasema cheti cha usalama hakinunuliwi siku hizi. Kuna taasisi inaitwa Let's Encrypt, inavitoa bure tangu 2015, vinakaa siku tisini na vinajihuisha vyenyewe. Hosti nyingi wanakuwekea bila hata kuomba. Kumbe fundi wangu alikuwa ananiuzia hewa, tena hewa ya elfu sitini. Kalamu nyekundu ikapita. Halafu akauliza kwa nini nimeng'ang'ania jina la .com wakati kuna ya .co.tz, ya hapa hapa nyumbani. Nikamjibu nataka na wateja wa ng'ambo.

"Ng'ambo gani," mwenyekiti akasema, "wakati Mbagala penyewe hujaitwa?"

Mkopo ukapita: 440,000. Kwa sharti moja. Malipo ya kampuni ya ng'ambo yafanyike pale pale, mbele ya kikao, kwa simu ya mweka hazina, ili fedha isipitie mkononi mwa shemeji na kuchepuka. Fundi angelipwa baadaye, kwa risiti. Katibu akavuka barabara na noti zote hadi kwa wakala, zikaingia kwenye simu ya mke wangu, zikahamishiwa kwenye ile kadi ya kulipia mtandaoni. Mpaka hapo sijawahi kuona matumizi ya umma yanayosimamiwa vizuri namna ile.

Kisha ukurasa wa hosti ukafunguka.

Juu kabisa, kwa rangi ya zambarau, paliandikwa punguzo la asilimia 75, na jina la tovuti bure mwaka wa kwanza. Chini yake palikuwa na saa. Saa yenyewe ilikuwa inahesabu kurudi nyuma: 09:58, 09:57, 09:56.

Sijui ni nini kiliwapata. Wanawake wale hawajawahi kununua fungu la nyanya bila kulikataa kwanza na kuondoka hatua mbili. Lakini ile saa! Walisogea wote, viti vikaanguka. "Jina bure? Elfu thelathini na tano yote? Lipa, mweka hazina!" Mke wangu, ambaye huhesabu hata vijiti vya kiberiti, alikuwa anajaza namba za kadi vidole vikitetemeka. "Imebaki saba!" katibu anapiga kelele. "Sita na nusu!" Mimi nilikuwa nyuma kabisa, nimeshikishwa sahani ya kashata, naona migongo tu. Mtu akapiga kigelegele. Ujumbe ukaingia.

Umelipa dola 169.35.

Kimya kilichofuata, mwenye sanduku angeweza kusikia kufuli zake zikipata kutu. Binti wa katibu akaichukua ile simu, akaigeuza kwenye mwanga. Kioo cha mke wangu kina ufa unaoanzia kwenye kamera mpaka chini kulia, na chini kulia ndipo palipokuwa na jumla. Dola 2.99 kwa mwezi ilikuwa kweli, hawakudanganya. Ila bei hiyo ni ya anayelipia miezi arobaini na minane kwa mkupuo, na hiyo miezi ndiyo iliyokuwa imeshachaguliwa, kwa maandishi ya kijivu. Hiyo ni dola 143.52. Weka na kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Kwa shilingi, mkopo wote ulikuwa umekwenda, ikabaki elfu moja na ushee, ambayo mwenyekiti aliidai irudi kwenye beseni.

Kesho yake nilifungua ule ukurasa. Saa ilikuwa inaanza upya: 09:59.

Basi nikawa na chumba cha miaka minne na sina kitanda. Fundi alikubali kuniwekea WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ambayo ni ya bure tangu ilipotoka 2003, akasema picha na maneno ataweka akipata kianzio cha laki na nusu. Mimi sikuwa na haraka. Waliokuwa na haraka ni wanakikoba, kwa sababu fedha ni yao. Anwani ya tovuti ikatupwa kwenye kila kundi la WhatsApp: la mtaa, la shule, la msiba ambao ulishaisha. "MC wa kisasa, mtafuteni mtandaoni!"

Akanitafuta mzee mmoja wa Tanga, anamwozesha binti yake hapa Dar.

"Asalaam aleikum, bwana MC. Nimesomewa habari zako na kijana wangu."

"Waaleikum salaam. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sasa kamati ina maswali machache. Wewe mchana unapeleka vifurushi kwa baiskeli?"

Nikadhani amekosea namba.

"Usiku unatamani uigizaji. Hilo halina neno. Unaishi Los Angeles. Una mbwa mzuri anaitwa Jack."

Hapo nikakumbuka. WordPress mpya huja na ukurasa wa mfano, umeandikwa kwa Kiingereza kiwandani huko, na mmojawapo wa mifano ni jamaa wa hivyo hivyo, na baiskeli yake, na Jack wake. Unatakiwa uufute. Nani angeufuta, na kianzio hakijalipwa?

"Mzee, yule si mimi."

"Jina lako liko juu. Na hiki kinywaji unachokipenda, piña colada, ni kitu gani?"

"Ni nanasi na tui la nazi, mzee."

Nikasikia mashauriano upande wa pili.

"Kijana anasema ina na ramu."

Nilijieleza mpaka salio likakaribia kuisha, nikaeleza kikoba, saa, ufa wa kioo. Mzee akanisikiliza kwa upole, kisha akauliza lililompigisha simu hasa: "Nauli kutoka Los Angeles ni juu ya nani? Maana sisi tumetenga ya bajaji."

Nilipata kazi. Binti wa katibu aliufuta ule ukurasa jioni hiyo hiyo, kwa sahani ya chipsi, lakini ulikuwa umeshapigwa picha na kusambaa kwa ukoo mzima. Ukumbini mwenyekiti wa kamati akanitambulisha kuwa nimetoka Marekani. Watu wakanitunza sijapata kuona, noti za elfu kumi zinabandikwa kwenye paji la uso, na kila iliyobandikwa mke wangu aliibandua. Nikaingia na Kiingereza kidogo, kwa ajili ya thamani ya fedha zao.

Wakati wa chakula bibi yake bwana harusi akaniita, akanishika mkono, akaniinamisha.

"Mwanangu, na mbwa umemwachia nani?"