Kichupa kizima kwa mtoto mmoja

Juzi nilimpeleka mwanangu kudungwa sindano ya surua hapa Leicester, Uingereza. Nesi akatoa kichupa, akakichanganya na maji yake, akavuta, akadunga, akakitupa. Kimekwisha. Kichupa kizima cha mtoto mmoja! Mtoto alia, mie nambembeleza, roho ishafika Kiwayu, kisiwani kule Lamu.

Dadangu kaolewa huko. Julai iliyopita mwanawe alitimiza miezi tisa, friji ya zahanati ya karibu ikawa mbovu, ikabidi apande mashua. Kusi ya Julai mwaijua. Kafika kalowa mpaka leso aliyombebea mtoto, sista akahesabu watoto: wanne. "Rudini Alhamisi." Maana kichupa cha huko ni cha dozi kumi, na kikishachanganywa hakivuki saa sita. Zilizobaki humwagwa.

Najua mtasema, huyu kishazoea viazi vya Wazungu, sasa atutukana. Simtukani mtu. Hata sista simlaumu: akimwaga dozi sita leo, kesho ataulizwa yeye, si mkubwa wake. Lakini Shirika la Afya Duniani lenyewe lasema kichupa kifunguliwe hata akija mtoto mmoja, kwa sababu mama ukimrudisha huenda usimwone tena. Sikuyatoa Ulaya haya.

Na huku si peponi. Jirani yangu kliniki iko ng'ambo ya barabara yake, bure, ujumbe wa simu kapata mara tatu. Hajaenda. Eti kuna mtu kasema kitu kwenye video. Ndiyo maana mwaka 2019 Uingereza ilivuliwa hadhi ya nchi iliyokomesha surua. Dadangu angepewa kliniki ile angepeleka na paka! Mama zetu hawahitaji kuhamasishwa, jamani. Kila mwaka twaletewa fulana na spika za kuhamasisha, na mama yuko gatini tangu alfajiri, kitabu cha kliniki kakitia kwenye mfuko wa nailoni kisilowe.

Wewe unayeniambia dozi ni ghali, haya, tupige hesabu. Mafuta ya injini kwenda na kurudi. Siku nzima mume hakuvua. Zidisha kwa mama wanne. Halafu niambie ghali ni ipi.

Alhamisi ile bahari ilichafuka, hakuna aliyevuka. Ya pili yake walifika wanane. Sista akaguna, akafungua.