Babu Mtoro wa Masjala

Ofisi yetu ipo Mji Mkongwe, nyumba ya zamani ya kuta nene za mawe na madirisha ya nondo. Aliyeleta fikra ya kutia mlango wa masjala mashine ya alama za vidole, itufungulie na ituandike mahudhurio papo hapo, simtaji. Likizo yangu bado anaisaini yeye.

Kasheshe ilianzia kwa Babu, mkuu wa masjala. Ujana wake wote ameumaliza kwenye kuchuma karafuu na kufua nazi; vidole vimelika, laini kama kipande cha sabuni. Mashine ikamkana. Kijana wetu wa kompyuta akampaka mafuta ya nazi, akampangusa kwa limau, kidole baada ya kidole, na kile kibibi cha Kizungu kilichomo ndani ya mashine kikijibu tu ajaribu tena.

"Babu, basi vimebaki vya miguu," kijana akatania.

Mzee hakujua kama ni utani. Mkurugenzi alipopita na wageni wake alimkuta kaegemea ukuta, kubadhi moja mkononi, dole gumba la mguu limenyooshwa kwenye mashine, na kijana kamshika kiuno asianguke.

Tangu siku hiyo kijana akawa anamfungulia kwa kidole chake.

Ijumaa moja, watu wameshatoka kuwahi msikitini, nikaingia na wawili hao kusaka faili. Mlango ukajifunga. Umeme ukakatika.

"Ina betri ya akiba," kijana akasema. Tukaingoja hiyo betri. Wapi!

"Umeme wenyewe unatoka Bara kwa waya wa chini ya bahari," Babu akafoka, "nanyi mkaufanya bawabu! Kile kiza cha Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi 3, masjala hii ilifunguliwa kila siku. Ilikuwa na ufunguo."

Wakati huo kijana alikuwa chuoni, anasoma alifu be te.

Simu yangu ilikuwa mezani, nje. Ya kijana ina chaji asilimia 2. Kitochi cha Babu kina chaji ya wiki nzima ila hakina salio hata la kubipu. Kijana akamrushia salio la shilingi 500. Likafika, simu yake ikazima. Sasa apigiwe nani? Kijana hana namba ya mtu kichwani, hata ya mama yake. Babu anazo tele, ila nusu ya wenyewe wameshatangulia mbele ya haki. Aliyepokea ni muuza kahawa wa barazani.

Bwana yule akaja na dele lake. Tukamweleza dirishani. Akasikitika mno, akatumiminia kahawa, akatupitishia kashata kwenye nondo, akapokea pesa zake, akaenda kuswali. Wallahi.

Seremala akaja alasiri. Akang'oa bawaba, Babu akimwelekeza kutoka ndani, kijana akimsihi asiguse waya. Mlango ulipotoka tu, umeme ukarudi. Kibibi kikatukaribisha.

Mwisho wa mwezi ripoti ikatoka: kijana kaingia mara mbilimbili kila asubuhi, Babu hakuonekana kazini hata siku moja. Akaandikiwa barua ya kujieleza kwa utoro. Na barua zote hupitia masjala. Babu akavaa miwani, akaipokea, akaigonga muhuri, akaifungulia faili, kisha akampa kijana aipandishe rafu ya juu kabisa.