Ameenda Idjwi

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye ubatizo hapa Brussels. Ukumbi wa kukodi, sambusa, wali kwenye sahani za karatasi, watoto wanateleza sakafuni na soksi. Mwenye sherehe akanishika mkono: "Weye, siku hizi hauonekane. Ulikuwa wapi?" Nikajibu bila kufikiri, "Nilikuwa Idjwi."

Nyuma yangu papa mmoja, mzee mwenye kofia, akageuka, uso umemfunguka. "Idjwi? Upande gani, kaskazini ao kusini? Ulifikia kwa nani?"

Papa wa watu alikuwa mzaliwa wa Idjwi kweli. Akataka kujua mananasi ni bei gani sasa na ziwa lilikuwaje siku niliyovuka. Nikamwambia, hapana papa, ni namna yetu tu ya kusema, sisi vijana wa Kadutu, kule Bukavu. Nikaeleza. Ilinichukua karibu dakika tano, na kila nilipoongeza neno niliona kichekesho kinazidi kunifia mdomoni. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Kumbe," akasema. "Basi hukufika."

"Sikufika, papa."

Akarudia wali wake.

Wanaoniambia kila siku kwamba dawa ya upweke wa Ulaya ni kutafuta Wakongomani wenzako, ningependa wangekuwepo pale. Yule papa ni zaidi ya Mkongomani mwenzangu. Ni mtu wa Kivu, wa ziwa lilelile, Kiswahili chake ni kama changu. Na bado ilinibidi nieleze.

Acha nieleze na hapa, maana nimeshaanza. Tulikuwa wanne, kituo chetu kilikuwa ngazi ya kinyozi mmoja Kadutu, si mbali na soko. Mmoja wetu alinyolewa mara tatu kwa deni. Deni lilipomzidi, akamtuma mdogo wake aseme kaka ameenda Idjwi kwa mjomba. Uongo wenye akili: Idjwi ni kisiwa kikubwa katikati ya ziwa Kivu, kutoka Bukavu unapanda mtumbwi wa mota, na hakuna kinyozi wa kuvuka maji kwa ajili ya vichwa vitatu. Wiki zikapita. Jua la kiangazi linawaka, kinyozi anaona kijana anapita na kidumu cha maji, amevaa kofia ya sufi hadi kwenye nyusi, na nywele zinachungulia pande zote. Bila shaka, kwa kinyozi mwingine hakuthubutu kwenda, wote wanajuana. Kinyozi hakufoka. Aliuliza tu, "Huko Idjwi habana wembe?"

Kuanzia siku hiyo asiyepokea simu yuko Idjwi. Umeme ukikatika, umeenda Idjwi. Hata mvua ya Septemba ikichelewa, tunajua ilipo.

Neno la pili ni zito kidogo. Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, Bukavu ilitikiswa na tetemeko la ardhi. Tulikuwa kanisani, wakati wa sadaka. Watu walitoka kupitia milango, kupitia madirisha, sijui wapi. Tulipojikuta barabarani, mama mmoja anaita majina ya wanawe, wengine wamepiga magoti kwenye vumbi, rafiki yetu amesimama kama mti, na kikapu cha sadaka kiko kwapani na noti zake zote. Hakujua alikichukua saa ngapi. Alipokiona akaanza kutetemeka upya, safari hii kwa kuogopa kuitwa mwizi.

Watu walikufa siku ile, ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Rwanda, wengi kuliko kwetu. Hatukucheka wiki ile. Tulicheka baadaye sana, usiku mmoja, ghafla, wote wanne mara moja. Sasa "kubeba kikapu" ni kutoka mahali na kitu usichojua umekishika: kalamu ya ofisi, mwavuli wa shemeji. Hilo hapa sijawahi kulieleza kwa mtu. Ukilieleza vibaya unaonekana unacheka maiti, na aliyekulia kwenye ardhi iliyotulia hawezi kujua jinsi kile kikapu kilivyotusaidia kulala.

Nisiwaonee Wabelgiji. Kuna uvivu fulani wa sisi wahamiaji kusema Wazungu hawana utani. Wanao, ila wameufunga mlango kama sisi tulivyofunga wetu. Kwenye depo ninakofanya kazi, mwezi wangu wa kwanza, wakati wa mapumziko ya saa nne nilimuuliza mwenzangu kama anataka kahawa. Akajibu, "Non, peut-être!" Hapana, labda. Nikajichukulia yangu nikanywa. Kesho yake vilevile. Siku ya tatu akaja na kikombe kitupu kuniuliza amenikosea nini. Kumbe watu wa Brussels wakisema "hapana, labda" maana yake ni "ndiyo, hilo nalo la kuuliza?" Na wakisema "oui, sans doute", ndiyo, bila shaka, hesabu hapana. Kifaransa nilikuwa nacho tangu shule ya msingi, hata "septante" na "nonante", sabini na tisini, tunahesabu kama wao, wala si kama Wafaransa. Kahawa ilinipita hata hivyo. Mwaka wa pili msimamizi aliniuliza kama nataka Jumamosi iwe mapumziko, nikamrushia "Non, peut-être!" Depo nzima ilipiga kelele. Sikatai, nilifurahi hadi jioni.

Lakini lile ni neno la mji mzima, anayekaa atalipata. Yetu ni ya watu wanne.

Matonge nayo, mtaa wa Wakongomani hapa Brussels, pale Ixelles, kila mtu anadhani ndiko ninakopumzikia. Jina lenyewe ni la mtaa wa Kinshasa, na lugha ya pale ni Lingala. Nikiingia kunyolewa nasema "mbote" kama wengine, nikizidisha maneno mawili wanajua: "Ah, muswahili!" Wananipokea vizuri, wananichekesha, nacheka nusu sekunde baada ya wenzangu. Ile nusu sekunde ndiyo ugenini.

Kwetu, kujitungia maneno ya siri hatukuanza sisi. Kizazi cha baba zetu kilikuwa na Indubili, lugha ya vijana iliyotoka Kinshasa ya miaka ya 1950, wakati vijana walipojiita Bili kwa kumuiga Buffalo Bill wa filamu za wachunga ng'ombe. Ilipofika Bukavu ikavaa Kiswahili, ikachanganya Kifaransa, Lingala, hata Kiingereza, ili wazee wasielewe. Mwaka 1988 mtaalamu wa lugha, Mbelgiji, akachapisha makala juu ya hiyo ya Bukavu. Nikiwaza hilo nacheka peke yangu kwenye treni. Sisi tulikuwa tunajificha, kumbe mtu anaandika. Ya kinyozi angalau hakuipata.

Februari 2025 waasi wa M23 walipoingia Bukavu, kundi letu la WhatsApp lilinyamaza. Majira ya baridi wenzangu wananitangulia kwa saa moja, nikawa nahesabu: kwao sasa ni usiku wa manane, kwao sasa kumekucha. Siku mbili hakuna kitu. Siku ya tatu, kutoka kwa yule yule wa kofia ya sufi, maneno matatu: "Mimi niko Idjwi."

Nilisimama katikati ya depo na simu mkononi. Idjwi ya ziwani, amevuka na watoto usiku? Ao Idjwi yetu? Nikaandika, nikafuta, nikaandika: "Upande gani?" Mtandao ukakatika. Nilipakia masanduku mpaka jioni, hata sijui nilipakia nini, na nilifika nyumbani na kisu cha kukatia karatasi cha depo mfukoni. Nimebeba kikapu.

Jibu lilikuja saa tatu usiku: "Ya kinyozi."

Basi, yuko nyumbani, amejifungia, mzima.

Wao wanasema sisi wa Bulaya tunatia chumvi, kwamba wao wana mambo ya kweli ya kulilia. Labda. Ila wao bado wanatengeneza maneno, mimi natumia akiba. Tangu Juni hivi kuna neno jipya kwenye kundi: kopo. "Leo ni kopo tena." "Alipiga kopo mbele ya mukwe!" Na vile visura vya kucheka machozi, mstari mzima. Nilimuuliza mmoja pembeni, kopo ni nini? Akaanza kuandika, nikaona ile alama kwamba anaandika, ikakaa, ikakaa, ikazimika. Kisha: "Kaka, hata haichekeshi nikikueleza. Utakuya, utaona."

Jana wameliandika tena. Nikaweka visura vinne, kama wengine.