Kila kichupo kiwe na folda yake, tuache kupiga :cd hovyo

Mi natumia Vim, edita ya kuandikia kodi, toka asubuhi mpaka usiku, na kama kuna kitu ningependa kila anayeanza aambiwe wiki ya kwanza kabisa, kabla ya rangi na kabla ya plagini za nyongeza, ni hiki: acha kupiga :cd, ile amri ya kuhamia folda nyingine, hovyo. Ukiwa na kazi moja haina shida, ila nani siku hizi ana kazi moja? Mi nina mfumo wa stoo wa duka la vipuri, nina tovuti ya mama mmoja anauza khanga, na nina vitu vyangu mwenyewe, vyote vimefunguliwa kwa pamoja, kila kimoja kwenye kichupo (tab) chake, na kwa muda mrefu nilikuwa naamini kwamba vichupo vikiwa tofauti basi na folda ni tofauti. Wala sivyo.

Vim ikifunguka inakuwa na folda moja ya kazi kwa programu nzima. Ukipiga :cd ukiwa kichupo cha pili umeshahamisha na cha kwanza na cha tatu, hata kama hujavigusa. Na ubaya ni kwamba faili ulizofungua hazihami, bado unaziona pale pale, ndo maana hushtuki. Ila :find ya kutafuta faili, :grep ya kutafuta maneno, :make ya kujenga programu, terminali unayofungua humo ndani, na zaidi ya yote ile alama ya mshangao (:!) ya kutuma amri nje, vyote vinaangalia folda mpya.

Mwaka jana, kama saa tano usiku hivi, nilikuwa kichupo cha vipuri, nimejaza picha za majaribio kwenye folda inaitwa uploads, nataka kuzifuta nikalale. Macho yangu yanaona faili la vipuri, jina la vipuri, kila kitu cha vipuri. Nikaandika :!rm uploads/*, yaani futa faili zote za humo, nikapiga enta. Kumbe dakika chache nyuma nilipiga :cd nikiwa kichupo cha khanga, na tovuti ya khanga nayo ina folda inaitwa uploads, na Git, ile programu ya kutunza matoleo ya nyuma, haikuwa inaifuatilia folda hiyo. rm haiulizi, picha zote za mteja zikaondoka. Asubuhi nikampigia yule mama nikamwambia ukweli, akakaa dukani siku mbili anakunjua doti moja moja anapiga picha upya. Hakunigombeza, ila ile sauti yake ya kuchoka bado naisikia mpaka leo.

Dawa ipo, inaitwa :tcd. Unafungua kichupo kipya na :tabnew, unapiga :tcd ~/kazi/khanga, basi, kuanzia hapo madirisha yote ya kichupo hicho, yaani vipande ulivyogawa skrini, yanafanya kazi ndani ya folda ya khanga, na ukirudi kichupo cha vipuri Vim yenyewe inarudi folda ya vipuri. Huhitaji kukumbuka chochote. Vichupo vilikuja na Vim 7 mwaka 2006 lakini :tcd kwenye Vim imeingia 2019, wenzetu wa Neovim, edita iliyochipuka toka Vim, walishakuwa nayo kabla, kwa hiyo mafunzo mengi ya zamani hayaitaji kabisa na watu wanaendelea kufundishana :cd. (Marehemu Bram Moolenaar aliyeitengeneza Vim, mwaka 1994 alijitolea kama mhandisi wa maji na usafi Kibaale, Uganda, ndo maana ukiifungua tupu inakuomba usaidie watoto wa kule. Nikiiona ile sentensi huwa nafurahi kwamba edita hii ina historia na huku kwetu.)

Kuna na :lcd, hiyo ni ya dirisha moja tu. Ni ya zamani kuliko vichupo vyenyewe na ina kazi yake, mfano uko kwenye mradi ila unataka dirisha moja lichungulie folda ya logi, unapiga :lcd humo na mengine hayaguswi. Ila uwe makini, ukiligawa dirisha hilo, jipya linarithi folda ile ile, na dirisha lenye :lcd halisikilizi folda ya kichupo, kwa hiyo ukizitapanya kila mahali utajipoteza mwenyewe. Mi naitumia kwa nadra sana.

Kingine ambacho wengi hawakijui, ukishaweka :tcd halafu kwa mazoea ukapiga :cd ndani ya kichupo hicho hicho, ile :tcd inafutika, umerudi kwenye folda ya wote. Vidole vimezoea! Ukiwa na shaka andika :verbose pwd, itakuonyesha folda uliyopo na itakwambia kama ni ya dirisha, ya kichupo au ya wote. Mi nimeweka na getcwd(), inayotaja folda uliyopo, kwenye ule mstari wa hali wa chini, folda naiona muda wote, na sipigi amri yoyote yenye rm kabla jicho halijapita pale.

Halafu kuna mpangilio wa Vim unaitwa autochdir. Najua wapo wanaoipenda, inakuhamisha kwenye folda ya kila faili unayoingia. Mi naipinga kabisa, maana mradi hauanzii kwenye folda ya faili, unaanzia juu kule ilipo folda ya .git, na maelezo ya Vim yenyewe yanasema baadhi ya plagini zinaweza zisifanye kazi ukiiwasha. Hata ile :tcd %:p:h watu wanayonakili kila mahali ina shida hiyo hiyo, inakupeleka ilipo faili, kwa hiyo andika njia ya mradi mwenyewe, ni sekunde tatu tu.

Na wale wanaosema fungua Vim mbili kwenye terminali mbili yaishe, sawa, folda hazitagongana, ila mi kutwa nanakili mistari toka mradi mmoja kwenda mwingine, nikipiga yy (kunakili mstari) huku nataka p (kubandika) ikubali kule, na Vim mbili kwa kawaida hazigawani hicho kitu.