Binadamu, Mmoja

Kwa kuwa rafiki yangu ameshawatangazia kwamba nilivua suruali kwa kumwogopa chui, naomba nieleze ukweli, ingawa ukweli wenyewe haunisaidii sana.

Walionivua suruali ni siafu. Tulikuwa katika msitu wa Mwanihana, kwenye Milima ya Udzungwa, tukifunga kamera za mtego, zile zinazopiga picha zenyewe mnyama akipita, mbilimbili, moja kila upande wa njia ya wanyama, kwa sababu madoa ya ubavu wa kushoto wa chui hayafanani na ya kulia, na usipopata pande zote mbili huenda usijue kwa hakika kama huyu wa leo ndiye yule wa mwaka jana. Kamera hufungwa usawa wa goti, kisha mtu hutambaa mbele yake ili kuhakikisha kwamba inamhisi mnyama apitaye. (Ndiyo, ni kazi, na nimeisomea chuo kikuu.)

Nikatambaa. Kwa kuwa rafiki yangu alikuwa akitazama, nikaongeza mbwembwe: nikainamisha kichwa, nikazungusha mabega, nikanguruma kidogo. Goti la kushoto likatua juu ya kitu chepesi kinachotembea. Nikatulia, nikajiambia ni majani. Nikamsikia wa kwanza akipanda polepole nyuma ya goti, wa pili akafika pajani, halafu, kana kwamba wamepeana ishara, wote wakauma kwa pamoja mahali ambapo sitapataja kwa kuwa mama mkwe husoma hapa. Mkanda ukagoma. Ulipokubali, suruali ikashuka hadi kwenye mabuti na kukwama hapo, nami nikawa naruka njia nzima kama mtoto katika mbio za magunia, huku kamera, ambayo nilisahau kuiweka kwenye hali ya majaribio, ikipiga picha tatu kwa kila mruko.

Mwezi mmoja baadaye kadi za kamera zikafunguliwa kwa projekta, mbele ya kundi zima. Picha zangu zilikuwa 27. Usiku uleule chui alipita palepale, tukampata ubavu wa kushoto tu, kwa maana kamera ya pili niliikimbia kabla sijaiwasha.

Kwa taratibu zetu hakuna picha inayofutwa. Kila moja huandikiwa aina ya mnyama na idadi. Siku hiyo mwandishi alikuwa rafiki yangu. Akaandika: "Binadamu, 1." Kwenye safu ya maelezo akaongeza: "Hajulikani kama ni yule wa mwaka jana."